Leso za Mbu na Kiti cha Noah

Jumapili hiyo gari, ile Noah, ilikuwa imeoshwa mpaka ndani. Ukipita getini kwa Felicitas unasikia harufu ya sabuni na ya viti vipya, maana mwanawe Jovinary alikuwa ametoka kuvishonesha ngozi ya rangi ya maziwa. Mama mtu kasimama pembeni na kitenge chake cha kwaya, anasubiri kufunguliwa mlango kama bibi harusi.

Ndipo Kija akatokea, mbio, peku, mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama. Mama Jovinary, naomba gari. Degedege limemkamata Dorotea."

"Marahaba. Baba yake yuko wapi?"

"Obedi yuko mwaloni kwenye mitumbwi tangu alfajiri, simu haipatikani. Naomba, mama."

Felicitas akamtazama mtoto. Dorotea alikuwa na miaka minne, shingo imelegea, macho yanaonyesha weupe tu. Halafu akatazama kiti. Halafu akarudi kwa mtoto.

"Ametapika?"

"Mara mbili."

"Na wewe umetoka kukaanga mapanki."

Igogo nzima inajua Kija anakaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa ikasafirishwa kwa wenye nazo. Ndiyo riziki ya nyumba ile. Harufu yake inakaa kwenye nywele, kwenye kanga, kwenye godoro.

"Viti vimeshonwa juzi tu, Mama Dorotea," Felicitas akasema, na wala hakupandisha sauti. "Samaki akiingia kwenye ngozi hatoki. Teremka hapo barabarani, bodaboda ziko tele."

Jovinary akakohoa. "Mama, tungetandika hata gazeti..."

"Tunachelewa ibada."

"Nitatandika kanga yangu!" Kija akasema, na palepale akaifungua kiunoni, akabaki na gagulo mbele ya watu waliokuwa wanapita kwenda kanisani. Akaishika ile kanga kwa mikono miwili, kainyoosha, kama muuzaji anayembembeleza mteja. "Tazama, mama, hata kiti hatakigusa."

"Vaa nguo yako, wewe. Watu wanapita."

Mlango wa Noah ukafungwa taratibu, ule wa kutelezesha. Gari ikateremka polepole kukwepa mawe.

Bodaboda ilipatikana, lakini siyo hapo barabarani. Ilipatikana mbali, mtoto ameshalegea. Dorotea alipona, tena siku ya kutoka wodini alicheka na kuomba soda. Ila sikio la kulia likawa limekufa kabisa. Daktari alimpigia makofi upande ule, mtoto hakugeuka. "Homa ilimkaa sana kichwani," akasema. "Ungemleta mapema kidogo, mama."

Mapema kidogo. Kija alirudi nayo nyumbani hiyo kauli, akawa anaitafuna anapoosha vyombo, anapogeuza mapanki kwenye karai, anapomwita mtoto na mtoto haitiki kwa sababu amempa upande mbaya.

Na Felicitas? Hakuja hata kusema pole. Akikutana na Kija bombani anauliza, "Mzima?" Basi.

*

Sasa mradi wa mbu ukaja.

Wakaitisha mkutano uwanja wa shule. Kijana wa mradi anaitwa Nathaniel, mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikono, akatoa karatasi laini ya plastiki ukubwa wa kurasa mbili za daftari, inang'aa, inapepea. Akasema hiki ni kifaa kipya, kinatundikwa ukutani, kinatoa dawa hewani polepole, mbu anachanganyikiwa, hata akikuona hakuumi. Kinajaribiwa. Kila baada ya wiki kadhaa watabadilisha na kupima damu.

"Lakini wazazi wangu, nisikilizeni vizuri. Zingine zina dawa, zingine hazina. Ndiyo kujaribu kwenyewe. Hata mimi sijui zipi ni zipi, tutajua sote mwisho. Kwa hiyo chandarua msiache! Mtu asiseme nina kifaa cha mradi, akalala wazi. Na mgawanyo wenyewe umekwenda hivi, kwamba mtaa..."

Hapo ndipo soda zilipofika. Kreti kwa kreti, za baridi, na biskuti. Uwanja mzima ukainuka. Nathaniel aliendelea kueleza, midomo inaonekana inacheza, lakini nani amsikilize mtu mbele ya soda ya bure? Watu wakaondoka na jambo moja kichwani: zingine zina dawa, zingine hazina. Kila mtu akakata shauri kwamba jirani yake ndiye aliyepata yenye dawa.

Vile vikaratasi tukaviita leso.

Kabla watu hawajatawanyika, Felicitas akasimama. Yeye ni mjumbe wa mtaa, mwalimu mstaafu, anajua kusimama mbele za watu.

"Kijana, nina ushauri. Nyumba zingine mziruke. Ile pale ya Mama Dorotea, kati ya ukuta na bati anapita paka na mimba yake. Dawa yenu si itakwenda kuwafukuza mbu wa Ukerewe? Na ile harufu ya mle ndani, sidhani kama kuna mbu anavumilia."

Watu wakacheka. Wengine walikuwa na biskuti mdomoni, wakazitema.

Kija alikuwa amemshika Dorotea mkono. Mtoto akauliza kwa sauti, "Mama, wanacheka nini?" Hakuwa amesikia. Na Kija, mwanamke asiyejibizana na watu, akainama, akampa jibu kwenye sikio zima, "Wanacheka kitu ambacho hakijaisha."

Nathaniel akasema hapana, mtaa mzima unaingia, hakuna nyumba ya kurukwa. Kesho yake leso nne zikatundikwa chumbani kwa Kija, nne sebuleni. Usiku ule mbu wakaimba kama kawaida yao.

*

Mpango haukumjia Kija siku hiyo. Ulimjia bombani.

Felicitas ndiye mwenye bomba. Ukienda kuchota unasimama uani kwake na ndoo yako na unasikiliza, maana yeye anakaa barazani anaongea, na wewe huwezi kuondoka ndoo haijajaa.

"Hizi leso ni uongo," alikuwa anamwambia Jovinary. "Mbu wananila mpaka kwenye kope. Mimi mjumbe wamenipa feki! Lazima kuna mtu humu mtaani amepewa za kweli. Nikimjua tu..."

"Ukimjua utafanyaje, mama?"

"Tutabadilishana. Kwani yeye ni nani?"

Ndoo ya Kija ikajaa, ikafurika, maji yakamwagikia miguuni. Hakuona. Alikuwa anatabasamu, jamani, tabasamu ambalo Obedi angeliona angeuliza kuna nini.

Alfajiri iliyofuata akaenda kiwandani kuchukua mapanki kama siku zote. Pale getini kuna taa kubwa, inawaka usiku kucha, inatazama ziwa. Na wakati ule ziwa lilikuwa linatoa vile vijidudu vyake, vinavyokuja kama moshi mweusi kutoka majini. Haviumi, havina habari na mtu, vinaifuata taa tu na kufa. Asubuhi chini ya taa pana lundo. Kwa mbali mbu na wale hutawatofautisha, miguu ileile mirefu, mabawa yaleyale. Kule juu kwenye mawe Kija na Felicitas wanakoishi hawafiki wengi, upepo unawapeleka kwingine.

Kija akaweka mapanki kwenye kiroba. Halafu akaomba ufagio kwa mlinzi.

"Unamfagilia nani?" mlinzi akashangaa.

"Kuku wangu wanawapenda."

Akajaza kindoo.

Jua linatoka, Obedi akamkuta mkewe anawamwaga sebuleni chini ya leso, anawasambaza kwa vidole kama anapanda mchicha.

"Kija. Unafanya nini?"

"Nimeua mbu."

"Hao siyo mbu."

"Wewe unajua, mimi najua. Mama Jovinary hajui."

"Ataacha kujua? Mhaya yule, kazaliwa Bukoba, ziwa liko mlangoni. Amewaona hao tangu anatambaa!"

"Ataona na macho gani? Miwani anaificha kwenye mkoba asionekane mzee. Nyimbo za kwaya anakariri. Atawaona kutoka kwake, juu ya ukuta, na ataona anachotaka kukiona."

Obedi akakaa kwenye kigoda. Ni mtu mkubwa, anaendesha guta, ile pikipiki ya miguu mitatu yenye tela, anabeba viroba vya mapanki vya akina mama wote wa Igogo. Mwili wake wote ni wa nguvu, ila maneno yana tabu kumtoka.

"Halafu iweje?" akauliza.

"Halafu ahangaike."

"Itarudisha sikio?"

"Hairudishi. Wala mimi sijasema nataka kurudisha kitu."

*

Basi kukawa na sinema kila asubuhi. Kija anafagia kutoka sebuleni mpaka uani, polepole, anatengeneza fungu karibu kabisa na ukuta wa Felicitas, halafu anasimama na kushika kiuno.

"Yesu wangu, hawa mbu leo! Obedi, njoo uone! Leo wamekufa kuliko jana!"

Upande wa pili kikohozi. Halafu kichwa, kitambaa cha hariri, macho yamebanwa.

"Mama Dorotea. Hao ni nini?"

"Shikamoo mama. Mbu hao. Kwenu hawafi?"

"Marahaba. Wanakufa... wanakufa, ndiyo." Macho yakabanwa zaidi. "Wote hao usiku mmoja?"

"Usiku mmoja! Sisi hata chandarua tumeshatoa. Joto lote lile la nini? Tunalala wazi kama tuko Ulaya."

Hapo sasa. Neno la chandarua lilikuwa uongo mtupu. Kija hajawahi kulala nje ya chandarua tangu Dorotea augue. Anakichomeka chini ya godoro kwa mikono yake, anazunguka pande zote nne, anarudia tena. Lakini alijua Felicitas anavichukia vyandarua, anasema vinambana pumzi kama yuko jenezani. Neno lile alilichagua kama unavyochagua kisu.

Wakati wanawake wanaongea juu ya ukuta, chini kwenye tundu la geti kulikuwa na mazungumzo mengine. Kokulinda, mjukuu wa Felicitas, mama yake yuko Karagwe, alikuwa rafiki wa Dorotea wa kufa na kuzikana. Kila akija anapita nyuma na kukaa kushoto kwake. Hakuna aliyemfundisha. Aligundua tu mwenyewe kwamba akikaa kulia, rafiki yake hamjibu.

Hazikupita wiki nyingi Jovinary akaja, amebeba leso nane, haya imemjaa uso mzima.

"Dada, mama anasema... yeye kama mjumbe anafanya ukaguzi. Anasema hizi zako zitakuwa zimekosewa nyumba."

"Zimekosewa?"

"Dada, unamjua mama."

Kija akajitahidi. Akalalamika, akasema mtoto wake ni mgonjwa mgonjwa, akasema atamwambia Nathaniel, akatoa mpaka chozi. Halafu akamwachia azing'oe zote, na Jovinary akatundika zile za mama yake, akaomba radhi kwenye kizingiti, akaondoka. Kija akafunga mlango, akajitupa kitandani, akacheka kwenye mto mpaka mbavu zikauma.

Keshoye alipokwenda kuchota maji akakuta vyandarua vya Felicitas vimetandazwa juu ya banda la kuku, vimefungwa kwa kamba, kuku wanadonoa wamo ndani kwa raha zao. Kimoja cha bluu, kikubwa. Kingine cheupe. Na kingine kidogo, cha mviringo, kina marinda ya rangi ya waridi.

Cha Kokulinda.

Kicheko kikamkwama kidogo. Kidogo tu. Alisimama pale na ndoo, mdomo umeshafunguka, na Felicitas alikuwa palepale barazani anachambua maharage, ingetosha kusema mama, rudisha kile kidogo.

"Umeona kuku wangu?" Felicitas akasema. "Hata wao leo wana nyumba nzuri kuliko ya watu fulani."

Kija akafunga mdomo. Akajitwisha maji, akaondoka.

*

Mvua zikaanza, na mvua za Mwanza zikianza kule kwenye mawe kila njia inakuwa mto. Bodaboda zote zinajificha kwenye vibaraza vya maduka, hakuna anayekubali kupanda mlima ule.

Mchana wa siku kama hiyo Obedi na Kija walikuwa wanapakia guta mbele ya nyumba. Viroba vimelowa, maji ya samaki yanachuruzika kwenye tela. Dorotea kakaa mbele chini ya turubai. Wakasikia mtu anaita.

"Mama Dorotea! Kija!"

Hajawahi kumwita Kija. Ilikuwa mara ya kwanza.

Felicitas alikuwa peku. Gauni limemganda, kitambaa cha kichwani kimeangukia shingoni, mvi zote nje. Mikononi kambeba Kokulinda, amefungwa kwenye shuka, meno yanagongana.

"Homa imempanda ghafla, anaongea vitu havieleweki. Jovinary ameenda Sengerema na gari, ameshavuka daraja la Kigongo muda mrefu. Nimepiga simu bodaboda zote. Waitu, ndugu yangu Kija, nisaidie."

Mvua inapiga bati. Obedi ameshashika usukani, anamtazama mkewe. Wanawake wa nyumba za jirani wametoka mlangoni.

Kija alikuwa ameingoja siku hii. Alikuwa ameifanyia mazoezi akigeuza mapanki, na kila neno lilikuwa mahali pake. Akajifuta mikono kwenye kanga, bila haraka yoyote.

"Ametapika?"

Felicitas akapepesa macho. "Nini?"

"Nauliza. Ametapika?"

Na hapo yule mama akaelewa. Ulimwona anaelewa, uso ukamshuka. "Mara moja," akasema.

"Gari letu ndilo hili unaloliona. Hatuna viti vya ngozi. Kaa hapo juu ya viroba." Kija akaonyesha kwa kidole. "Ila uangalie, usituchafulie mapanki. Watu wanakula."

Jirani mmoja akacheka kwa nguvu. Felicitas, mwalimu, mjumbe, sauti ya kwanza ya kwaya, akainua mguu wake peku, akapanda. Kiroba kikabonyea, mfupa wa sangara ukatoboa ukamchoma paja, akauma meno na kumkumbatia mjukuu wake. Dorotea akatoka chini ya turubai, akasogea mpaka kwao, akajiweka upande ambao sikio lake zima liko karibu na mdomo wa Kokulinda, amsikie anasema nini.

Guta likanguruma.

Pale chini pana njia panda. Ya kushoto inashuka moja kwa moja hospitali. Ya kulia inazunguka, inapita mbele ya kanisa, na siku ile kwaya walikuwa na mazoezi, wamejazana barazani wanakwepa mvua. Kija alikuwa amekaa nyuma ya Obedi. Akamwona mama yule na maji ya mapanki yanavyomtiririka mpaka kwenye vidole vya miguu. Akawaona wale wa kwaya kichwani mwake, mmojammoja, midomo wazi.

"Kata kulia," akasema. "Pita kanisani."

"Kule ni mbali," Obedi akasema.

"Nimesema pita kanisani!"

Felicitas alisikia. Alifumba macho tu, akamvuta mtoto kifuani, kama mtu anayesubiri sindano. Obedi akakunja usukani kulia.

"Mama." Ni Dorotea. "Mama, Koku anasema anataka kulala kwenye nyumba ya kuku. Anasema kuna chandarua chake."

Halafu Kokulinda akajinyoosha mwili mzima, kama ubao, na macho yakageuka yakaonyesha weupe.

Kija aliujua weupe ule.

"Rudi kushoto!" akapiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Obedi, geuza! Geuza hapohapo! Kimbia!"

Guta likageuka kwa tairi mbili, kiroba kimoja kikaanguka, mapanki yakasambaa njiani, hakuna aliyeangalia nyuma. Kija aliruka kwenye tela, akamgeuza mtoto ubavu, akamshika kichwa kisigonge chuma, anasema tu, "Bado kidogo, bado kidogo," na wala hajui anamwambia nani.

Hospitalini wakamchukua mbiombio. Wakamtundikia dripu, wakampiga sindano. Baadaye daktari akatoka, msichana mdogo, akawatazama wanawake wawili waliolowa, wananuka samaki sawasawa, akashindwa kujua mama ni yupi.

"Malaria kali. Ila atakuwa salama," akasema. "Mmemuwahisha."

Felicitas akaanguka magoti, akaanza kushukuru kwa Kihaya. Kija akatoka nje. Akasimama chini ya bomba la kukinga maji ya paa, yakampiga kichwani, na akalia kwa hasira, siyo kwa furaha, mtu asidanganyike. Mmemuwahisha. Neno dogo namna ile, na yeye mtoto wake hakuna aliyemuwahisha.

*

Mradi ukafika mwisho. Uwanja wa shule uleule, ila safari hii Nathaniel amejifunza, soda zimefungiwa darasani mpaka amalize.

"Leo tunafungua siri. Nilisema siku ya kwanza, mgawanyo ulikuwa wa mtaa kwa mtaa, siyo nyumba kwa nyumba. Mtaa mmoja wote una dawa, mtaa mwingine wote hauna. Sasa, mtaa huu wa kwenu..." Akatazama karatasi yake. "Mtaa huu haukuwa na dawa. Nyumba zote. Ilikuwa plastiki tupu."

Uwanja ukapasuka. Watu walikuwa wamegombana, wamenuniana, kuna mtu aliiba leso ya shemeji yake! Watu wanacheka, wanapigana mabega, na polepole vichwa vyote vikaanza kugeukia kiti cha mbele, cha mjumbe, maana hakuna asiyejua alizichukua leso za Kija kwa ukaguzi.

"Mama mjumbe, ukaguzi ulikwendaje?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Watu wakawa hoi kwa kicheko. Kija, kwa mara ya kwanza mbele za watu, alicheka waziwazi, meno yote nje.

Felicitas hakucheka. Akafungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa mbele ya wote. Akamtafuta Kija kwenye umati mpaka akampata.

"Lakini kwako walikuwa wanakufa," akasema. "Plastiki tupu, na walikuwa wanakufa. Kila asubuhi ulikuwa unafagia. Niliwaona."

Kicheko kikapungua, kikaisha. Vichwa vikageuka tena, vyote, upande wa pili.

Obedi akamgusa mkewe kiwiko: nyamaza. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni Mungu.

"Walikuwa vijidudu vya ziwani," Kija akasema. "Nilikuwa nawazoa chini ya taa ya kiwandani, nawamwaga kwangu ili uwaone. Na chandarua hatukutoa hata siku moja. Nilisema ili wewe utoe."

"Mjukuu wangu alitaka kufa."

"Najua. Nilikishika kichwa chake." Akamwonyesha Dorotea kwa kidole. "Na wangu? Siku ile nimekuvulia kanga mbele ya watu, umefunga mlango. Umeshawahi kuuliza aliponaje? Dorotea hasikii, Mama Jovinary. Sikio la kulia limekufa. Mtaa mzima unajua, mpaka Kokulinda anajua akae upande gani. Wewe unauliza 'mzima' unapita. Haya, leo nimekujibu. Siyo mzima."

Nathaniel alikuwa anachezea funguo za darasa lenye soda. Felicitas alikaa, miwani usoni, anawatazama wale watoto wawili waliokaa chini mbele yake, mjukuu wake kushoto, na ungedhani ndiyo mara ya kwanza anaona wanavyokaa.

*

Haya, sikia ya mwisho.

Keshoye asubuhi Noah ikasimama mlangoni kwa Kija. Jovinary kwenye usukani, Felicitas kakaa mbele, amevaa miwani, anatazama kioo cha mbele tu.

"Kuna daktari wa masikio Bugando, mwanafunzi wangu wa zamani," akasema bila kugeuka. "Anatusubiri. Mlete mtoto."

Hakusema pole. Kija naye hakusema asante. Akamwogesha Dorotea, akamvalisha gauni la sikukuu, akamfungulia mlango ule wa kutelezesha, mtoto akapanda na kuanza kupapasa ngozi ya kiti kwa viganja viwili.

Halafu Kija akarudi ndani. Akatoka na ndoo ya mapanki ya siku hiyo, mabichi, bado yanachuruzika. Akaiinua, akaiweka katikati ya kiti kile cha rangi ya maziwa. Hakutandika gazeti. Hakutandika kanga. Akaketi pembeni yake, akavuta mlango.

Jovinary akamtazama mama yake. Maji ya samaki yakaanza kutambaa kwenye mshono wa ngozi, taratibu.

"Twende," Felicitas akasema. "Tutachelewa."